Ndani, Kati, Nje

Mwezi wa tano, na theluji bado imejikunyata
nyuma ya ukuta wa matairi chakavu, Haapaniitty.
Lami ina nyuzi sita. Nimeipima mara mbili,
mara ya pili kwa kutoamini.

Tuulikki anavaa helmeti kama avaavyo barakoa ya kliniki:
bila kioo, bila maneno.
Siku tano za juma huchokonoa meno ya watu wa Kauhava;
ya sita hunikabidhi mimi sindano ya kipimajoto,
niwachome wagonjwa wake wanne wa mpira
ndani, kati, nje,
niandike daftarini panapouma.

"Usiiamini kona ya kwanza," namwambia.
Anajua. Namwambia kila mara. Anajua.

Mpira wa baridi ni mkate wa shayiri wa juzi:
unakwaruza, haushiki.
Unapinda usukani, na pua ya gari
yaendelea na safari yake, kama mgeni
aliyekwisha agwa mlangoni
naye ndiyo kwanza anaanza hadithi nyingine.

Katika mzunguko wa kupasha, vijana wanayumba,
kushoto kulia, kulia kushoto,
mikia ya mbwa mbele ya nyama.
Hilo ni joto la mabua: lawaka usoni, lapendeza,
ukipepesa jicho limezimika.
Ngozi inang'aa, moyo umelala.
Tuulikki hayumbi. Mguu wa kushoto anakanyaga breki
huku wa kulia ukidai mafuta,
breki ziive, rimu zirithi,
upepo uliofungiwa ndani uvimbe taratibu,
joto lianzie tumboni mwa tairi ndipo litoke nje:
moto wa pumba,
huuoni mpaka uukanyage.

(Nami nilimchumbia hivyo. Miaka mitatu
ya kahawa na kimya. Lakini hayo si ya daftari.)

Mizunguko ya kwanza wanampita mmoja mmoja.
Onni Peltokangas, mwenye gari la manjano,
anampita kwa nje akipunga mkono.
Mimi nahesabu. Wa nne. Wa tano.
Na katika wa sita, kwenye kona ndefu ya msituni,
naona usukani umetulia.
Pua imeingia bila kubembelezwa,
mkia umefuata, umeteleza upana wa kiganja,
ukarudi kama mlango uliotiwa mafuta bawabani.
Sasa mpira umelainika, unairudia lami
kama ulimi unavyolirudia pengo:
hauachi, hauachi.

Onni naye amevuka nyuzi mia.
Tairi lake la mbele kushoto limeanza kumenyeka,
chembe nyeusi zinaruka, pua imegoma tena,
safari hii si kwa baridi bali kwa homa.
Ndiyo ajabu ya mpira: aliyegandishwa na aliyeungua
huokotwa kwenye nyasi zilezile.
Tuulikki anampita. Hapungi mkono.

Wa sita kati ya kumi na tisa.
Anazima injini. Napiga magoti na sindano yangu,
mbele kushoto:
ndani themanini na nne, kati themanini na moja,
nje sabini na tisa. Naandika, natazama, natazama tena.
"Upepo?" anauliza.
"Ulikuwa sawa."
"Si asubuhi ulisema tuongeze?"
"Nilisema."
"Nami nikakataa."
"Ukakataa."

Anavua glavu, anabandika kiganja juu ya mpira,
anauvuta wangu, anauweka kando.
Unanata. Una harufu ya lami na sukari iliyoungua.
Nyuma ya ukuta theluji inadondoka, tone, tone.
Kuna matairi matatu bado sijayapima,
nayo yanapoa,
na daftari liko chini, limefunguliwa na upepo
kwenye ukurasa wa mwaka mwingine.